Jinsi Tulivyojenga Mpaka ili Tuufute

Palikuwa na nchi, na kwa bahati mbaya ingalipo. Jina lake silitaji, kwa kuwa ninaishi ndani yake na ningependa kuendelea kuishi. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya majimbo mengi yaliyoungana, na fahari yake kubwa ni kutokuwa na mipaka ya ndani. Babu zetu walivunja malango yote, wakachoma vizuizi, wakaandika katika Katiba kwamba watu, bidhaa na hewa vitapita popote bila kuulizwa. Ukiondoka jimbo la Bondeni asubuhi na tenga lako la nyanya, mchana unaziuza jimbo la Kileleni, na hakuna askari wa kukuuliza nyanya hizo zimezaliwa wapi. Tunalisifu jambo hili mpaka linatia kichefuchefu. Kileleni wanakaa matajiri. Bondeni ndiko kwetu.

Fahari yetu ya pili ni utepe. Kwetu jambo halijafanyika mpaka mgeni rasmi alikatie utepe. Shule ya mtaani kwangu ilijengewa vyoo vizuri, vikafungwa utepe mwekundu, vikamngoja Waziri muhula mzima huku watoto wakikimbilia kichakani. Waziri alipokuja alikata utepe, akaingia, akavitumia yeye wa kwanza, akatoka akifunga mkanda, nasi tukapiga makofi. Nayajua makofi hayo kwa sababu niliyaitisha mimi. Ni mshereheshaji wa serikali. Nashika kipaza sauti, nawataja waheshimiwa kwa vyeo vyao vyote bila kuruka hata kimoja, na nikisema "makofi ya kilo" wananchi wanapiga ya kilo. Kazi ni kazi, na soda ni bure.

*

Jirani yangu ni Bi Radhiya, fundi cherehani, mjane. Ana binti mmoja, Rukia, fundi wa lifti. Kwa kuwa Bondeni hatuna jengo refu la kuhitaji lifti, mnaweza kukisia binti aliishia wapi.

Mume wa Bi Radhiya alipougua, Rukia alitaka baba yake apelekwe hospitali kubwa ya Kileleni. Mama akamjibu, "Baba yako hataki. Anataka kufia kwake." Mzee akafia kwake. Ukweli ni kwamba mzee alitaka kwenda, tena aliomba. Bi Radhiya ndiye aliyeogopa: aliogopa mume asije akafia ugenini, yeye akabaki anaongea na kuta. Haya aliniambia mwenyewe siku moja akinishonea kifungo cha koti la sherehe.

"Rukia anahisi, jirani," alisema. "Ndiyo maana simu zetu hazifiki mbali. Salamu mbili, tumegombana, amekata."

Kilichokuwa kimebaki kati yao ni mchezo wa kompyuta. Uliitwa Mtungi. Watu wawili, kila mmoja kwenye kompyuta yake, wanabeba mtungi mmoja wa maji, wanapanda nao milima na kuvuka mito. Mmoja akiachia, mtungi unavunjika na safari inaanza upya. Waliununua katika Duka la Anga, duka lisilo na mlango wala rafu, ambalo huuza michezo yote ya nchi hii kupitia mtandao. Rukia alikuwa bado Bondeni, amepanga chumba mtaa wa pili, na kila jioni walibeba. Ungemsikia Bi Radhiya dirishani, ndude zake za kusikilizia masikioni: "Kushoto, mwanangu. Inama. Hilo jiwe, hilo." Katika Mtungi hawakupata kugombana.

"Nitamwambia humo humo," aliniambia. "Mtu aliyebeba mtungi hakati simu."

Alikuwa anajikaza amwambie, ndipo Rukia akapata kazi Kileleni. Jioni ya kwanza huko binti alifungua kompyuta, akakuta maandishi haya: "Pole, mteja wetu mpendwa. Mchezo huu ulinunuliwa kwa bei ya Bondeni, nawe sasa unavuta hewa ya Kileleni. Nunua upya kwa bei ya hapa, au rudi ulikotoka." Na hata angenunua upya isingesaidia, maana mchezo wa Kileleni ulikuwa haukubali kuungana na wa Bondeni. Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Wahenga hawakulijua Duka la Anga.

*

Bi Radhiya alikwenda kushtaki katika Tume ya Ushindani wa Haki. Mwenyekiti wa Tume ni Mheshimiwa Profesa Ladislaus, mtu mnene wa elimu na wa kila kitu. Nami nilikuwepo, kwa sababu kesi zetu nazo huzinduliwa.

Duka la Anga lilimleta Bwana Anselmu, aliyevaa suti ya rangi ya maziwa yaliyoharibika. Alisimama, akatabasamu, akaanza.

"Waheshimiwa, kufuli letu si mpaka. Kufuli letu ni huruma. Tunaitazama mifuko ya watu wa Bondeni, tunalia, tunawapunguzia bei. Kisha tunaweka kufuli ili huruma yetu isivuje."

"Isivuje?" akauliza Profesa, akiandika.

"Huruma huvuja, Mheshimiwa. Mtu ananunua Bondeni kwa bei ya huruma, anapanda Kileleni, anacheza huko kwa raha zake. Huo ni wizi wa huruma."

Bi Radhiya akainua mkono. "Lakini baba, mbona nyanya nikipanda nazo hazijifungi?"

"Nyanya huoza, mama. Mchezo hauozi. Kitu kisichooza lazima kifungwe."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuguswa. Mmoja alinong'ona kwamba hajawahi kusikia uchumi ukielezwa vizuri namna ile. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Hata hivyo, nisiwaonee. Profesa alisoma hukumu ndefu, akanywa maji, akasoma tena, na mwisho akatamka kwamba kufuli la Duka la Anga ni mpaka wa ndani, Katiba inakataza mipaka ya ndani, kwa hiyo kufuli litolewe, na Duka lilipe faini kubwa kwa Hazina ya Taifa. Nikaitisha makofi. Safari hiyo hata mimi niliyapiga kwa moyo.

"Na mimi, Mheshimiwa?" akauliza Bi Radhiya makofi yalipotulia.

"Wewe umeshinda."

"Nimeshinda nini?"

"Umeshinda, mama. Usituharibie."

Bwana Anselmu hakukasirika hata kidogo. Faini yenyewe, nilisikia baadaye, hupatikana dukani kwake kabla ya chai ya saa nne. Alitoa simu mfukoni. "Kufuli nalitoa sasa hivi," akasema. "Ni kubonyeza tu hapa." Akainua kidole. Bi Radhiya akasimama. Nilimwona ameshika kifua.

"Usibonyeze!" akapiga kelele Profesa, akiruka kwa wepesi ambao sikuutarajia kwa mwili ule. "Mpaka wa kwanza kufutwa tangu enzi za babu zetu, wewe unataka kuufuta kwa kidole? Bila mgeni rasmi? Bila utepe?"

Bwana Anselmu akakishusha kidole chake, akaomba radhi. Bi Radhiya akakaa.

*

Shida ikawa utepe ufungwe wapi. Kufuli lenyewe halionekani. Iliundwa kamati ya kulitafuta, ikasafiri, ikalala hoteli nzuri, ikaingizwa katika chumba baridi chenye mashine zinazonguruma, ikapiga picha, ikarudi na mafua. Taarifa yake ilisema kwamba mpaka upo, lakini hauna mahali.

Ndipo mjumbe mmoja, ambaye leo amepandishwa cheo, akatoa wazo. "Waheshimiwa, tujenge lango. Barabarani, pale Bondeni inapopakana na Kileleni. Tukishakuwa na lango, tutaweza kulifungua."

Niliwatazama wote usoni, mmoja mmoja, nikitafuta mtu wa kucheka nami. Hakuna aliyecheka. Profesa alisema wazo hilo limempa baridi ya mwili.

Zabuni alipewa shemeji yake Profesa. Sababu iliyotolewa ni kwamba shemeji tayari anajua Profesa anakaa wapi, hivyo serikali itaokoa gharama ya kumwelekeza. Lango likasimama: la chuma, refu, rangi za bendera. Lakini lango tupu katikati ya barabara lilichekesha, maana mbuzi walikuwa wanalizunguka. Ikaamuliwa liongezewe ukuta kidogo upande huu, ili picha zitoke vizuri. Kisha kidogo upande ule. Shemeji alikuwa analipwa kwa urefu wa ukuta, kwa hiyo ukuta ukaota miguu, ukafika mtoni upande mmoja na kwenye korongo upande wa pili. Wakaletwa askari wa kuhakikisha kwamba hakuna mtu atakayelifungua lango kabla ya Waziri.

Wauza nyanya walipofika na matenga yao walirudishwa. "Vumilieni," waliambiwa, "tupo mbioni kuufuta mpaka." Nyanya zilimwagwa pale pale, zikaoza, na mtaa mzima ukanuka. Bwana Anselmu hakuwa amedanganya: kweli nyanya huoza.

Bi Radhiya alinijia nyumbani, akakaa kizingitini, akakataa chai.

"Jirani, kabla hawajanisaidia, Rukia alikuwa anakuja Idi kwa miguu yake. Kwa kununa, lakini anakuja. Sasa haji. Askari wamemrudisha."

"Vuta subira, Bi Radhiya. Waziri akishafungua…"

"Simu nayo hapokei. Anadhani nimepata kisingizio kingine cha kutoonana naye. Kama nilivyopata kwa baba yake."

Mtu wa kazi yangu ana maneno ya makofi tu.

Wiki hiyo Duka la Anga lilitoa tangazo. Kwa kuitii Tume, lilisema, tangu sasa nchi nzima itakuwa na bei moja, nayo ni ile ya Kileleni. Bei ya huruma imefutwa kwa kuwa imeonekana ni ubaguzi. Waliokwisha kununua kwa bei hiyo, michezo yao itastaafishwa kwa heshima. Bi Radhiya aliwasha kompyuta yake akakuta Mtungi haupo, mahali pake pamewekwa ua jeupe, kama kaburini.

Profesa alilisifu tangazo hilo redioni. "Huu ndio usawa tuliopigania," alisema. "Leo hata maskini ana haki ya kulipa kama tajiri." Nilikuwa nakula ugali niliposikia. Nilisukuma sahani.

*

Siku ya uzinduzi watu walikuwa wengi, kwa kuwa kulikuwa na tishati. Bi Radhiya alisimama mbele kabisa, amevaa gauni alilojishonea mwenyewe, mkobani ameweka sambusa za Rukia. Rukia, mtu alimpelekea habari, naye atakuwa upande wa pili wa lango. Mchezo ulikuwa umekufa na bei ya Kileleni haiwezi, simu haipokelewi. Alichobakiwa nacho mama huyu ni kwenda akamwambie mwanawe uso kwa uso.

Nilimtaja Waziri kwa vyeo vyake vyote. Alihutubia kuhusu babu zetu waliovunja malango, huku ameegemea lango. Akakata utepe. "Natamka," akasema, "kwamba mpaka huu sasa umefunguliwa rasmi!" Makofi ya kilo. Wapambe wakalisukuma lango. Halikwenda. Wakasukuma tena. Profesa akamtazama shemeji yake, aliyekuwa chini ya hema anakunywa soda kwa mrija. Shemeji akapiga mfuko wake wa suruali. Ufunguo anao, ila malipo yake ya mwisho hajayaona, na mkate mkononi mwake bora kuliko ahadi ya serikali.

Waziri akanong'onezwa. Akafikiri kidogo. "Nimeshatamka," akasema, akaingia kwenye gari, na msafara ukaondoka na vumbi lake.

Bi Radhiya akamsogelea askari.

"Nipishe, baba, nipite."

"Pita, mama."

"Limefungwa."

"Limefunguliwa rasmi. Umesikia kwa masikio yako."

"Sasa nitapita wapi?"

"Kwani mimi nimekuzuia?"

Kutoka ng'ambo ya ukuta ilikuja sauti nyembamba, "Mama!" Kisha bendi ikapewa ishara ipige, na sauti ikamezwa. Bi Radhiya aliweka kinywa chake kwenye chuma, akaita mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Haikufaa kitu. Ukuta ule ndio kazi pekee ambayo shemeji hakuichakachua.

Aligeuka, akaniona. Hakuniomba. "Nipe hicho," alisema, na mimi nikampa kipaza sauti, nikawaashiria bendi wanyamaze. Walinitii, wamezoea mkono wangu.

Spika zile zilikuwa kubwa kama makabati. Sauti yake ilipaa juu ya ukuta, ikapita hema la waheshimiwa, ikasikika mpaka mtoni.

"Rukia. Ni mama yako. Baba yako alitaka kwenda hospitali. Alitaka, mwanangu, aliniomba. Mimi ndiye niliyekataa, nikakudanganya kuwa ni yeye. Niliogopa kubaki peke yangu, na nimebaki peke yangu. Unis—"

Profesa mwenyewe, kwa mkono wake, alizima jenereta.

*

Hati ya mashtaka ilimfikia Bi Radhiya kabla nyanya zilizooza hazijazolewa. Alishtakiwa mbele ya Tume ile ile kwamba amepitisha maneno ya Bondeni kwenda Kileleni bila bei, na hivyo kuharibu ushindani wa haki. Mlalamikaji alikuwa Bwana Anselmu. Duka la Anga, alieleza, linauza pia huduma ya maongezi kati ya majimbo, na mama huyu ameitoa bure mbele ya umma. "Leo ni mama mmoja," alisema. "Kesho kila mtu atazungumza na mwanawe."

Wajumbe walisisimka kwa hofu.

Lakini sheria yetu ina utu wake. Karani wa Tume, aliyemwonea huruma kidogo, alimwinamia Bi Radhiya akamweleza kwa sauti ambayo sote tuliisikia: kosa halisimami mpaka ithibitike kwamba maneno yalifika. Maneno yasiyofika ni kelele, na kelele ni halali. Shahidi ni mmoja tu, Rukia. Akisema hakusikia, mama anakwenda zake nyumbani. Akisema alisikia, mama ana hatia, na cherehani yake itachukuliwa. Rukia naye ameelezwa hivyo hivyo.

Rukia hakuweza kuja, kwa sababu ya lango lililo wazi. Alipigiwa simu, na simu ikawekwa mezani, sauti juu.

Mimi nilikuwa kando ya Bi Radhiya. Nilimwona anaitazama ile simu. Sijui kama nitaeleza vizuri. Mwanamke huyu ameshona tangu usichana, cherehani ndiyo shamba lake na ndiyo pensheni yake, na neno moja la "sikusikia" lingemwachia. Nami niliona wazi kwamba neno hilo ndilo analoliogopa.

"Shahidi," akasema Profesa, "siku ya uzinduzi, ukiwa Kileleni, ulisikia maneno yoyote kutoka kwa mshtakiwa?"

Tulisikia mtu anapumua. Bwana Anselmu alitazama saa yake.

"Nilisikia," akasema Rukia.

"Ulisikia nini?"

"Yote. Mpaka pale umeme ulipokatwa. Palipobaki nilimalizia mwenyewe."

Bi Radhiya alifunika uso kwa mtandio, mabega yakamtikisika. Nimeshuhudia watu wengi wakishinda kesi katika ukumbi ule, na wote walitoka wamenuna. Huyu alikuwa ameshindwa, akawa anasema "ahsante, ahsante," na Profesa akadhani anashukuriwa yeye. Akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Alisoma hukumu. Hatia. Cherehani itwaliwe na serikali. Mshtakiwa asibadilishane neno lolote na mtu wa Kileleni isipokuwa kupitia huduma ya Duka la Anga, kwa bei ya Kileleni. Kisha akaniashiria niitishe makofi.

Nilikiweka kipaza sauti chini. Walipiga hivyo hivyo, bila kuitwa, na ya kilo. Bwana Anselmu alipiga kwa ncha za vidole.

Makofi yalipokwisha, tukagundua kwamba karani amesahau kukata simu. Ilikuwa bado mezani, taa yake inawaka.

"Mama," ikasema, "umekula?"

Profesa akamgeukia karani. "Andika," akasema. "Kosa la pili."

Bi Radhiya alishusha mtandio, akasogea mezani, akainama karibu na simu. Askari walikuwa tayari wamemshika mkono.

"Bado, mwanangu," akajibu. "Na wewe?"

"Andika na la tatu," akasema Profesa.